Upupu Ulivyofichua Siri ya Mwasho

Leo tunazungumzia jambo ambalo kila mtu analijua, mdogo kwa mkubwa, lakini ni wachache wanaokaa chini kulifikiria. Jambo hilo ni kuwashwa.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Walimaanisha kwamba kila mtu hufanya lile aliwezalo. Lakini leo tuuchukue msemo huu kama ulivyo na tujiulize: kwa nini mtu ajikune? Ni nini hasa kinachotokea katika ngozi hata mkono uende wenyewe, wakati mwingine mtu akiwa usingizini?

Huenda ukasema hilo ni swali dogo. Lakini katika nyumba nyingi za Eastlands, kuanzia Majengo hadi Kayole, mwasho ndio unaowanyima watoto usingizi. Ndio unaomaliza pesa za matumizi kwa vidonge visivyosaidia. Ndio pia unaowafanya majirani wanong'onezane kwamba nyumba fulani ni chafu, au kwamba kuna mtu amerogwa. Ukiifahamu historia ya jinsi wanasayansi walivyoufuatilia mwasho, utaelewa kwa nini kidonge kilichomfaa jirani yako hakikukufaa wewe.

Zamani watu walidhani nini?

Mnamo mwaka wa 1660, daktari Mjerumani aitwaye Samuel Hafenreffer alieleza mwasho kuwa ni hisia isiyopendeza inayomfanya mtu atake kujikuna. Maelezo hayo bado yanatumika mpaka leo. Alieleza vizuri mwasho ni nini, lakini chanzo chake hakikujulikana. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya waliamini kwamba upele unatokana na damu iliyoharibika ndani ya mwili. Hata hapa kwetu bado utasikia mtu akiambiwa ana damu chafu na kwamba anahitaji dawa ya kuisafisha.

Mnamo mwaka wa 1687, Waitaliano wawili, Giovanni Cosimo Bonomo na Diacinto Cestoni, walitumia darubini kumtazama mdudu mdogo sana aliyetolewa kwenye ngozi ya mtu mwenye upele. Walimchora, wakaeleza kwamba yeye ndiye anayesababisha ugonjwa huo, na kwamba huhama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Wakubwa wa wakati huo hawakukubali. Ilichukua karibu miaka 150, hadi 1834, ndipo mwanafunzi wa udaktari huko Paris, Simon François Renucci, alipoonyesha mbele ya walimu wake jinsi ya kumtoa mdudu huyo kwa sindano. Wanawake wa kijijini kwao Corsica walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani.

Mdudu huyo ni jamii ya utitiri, na anapenda mahali watu wanapolala wakiwa wamebanana. Hapa ndipo historia ya mitaa yetu inapoingia. Kariokor, mtaa uliopewa jina kutokana na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulijengwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1920 ukiwa na vyumba vya kulala wanaume wengi pamoja. Serikali hiyo haikutaka mfanyakazi Mwafrika alete familia yake mjini, kwa hivyo ilimpa nafasi ya kitanda tu. Mitaa mingine ilifuata: Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Ofafa, Jericho na Maringo, na baada ya uhuru Buruburu, Umoja na Dandora. Watu walizidi kuongezeka kuliko vyumba. Familia nzima ikilala katika chumba kimoja, mdudu wa upele hana safari ndefu. Anayeugua upele si lazima awe mchafu. Mara nyingi ni mtu aliyekosa nafasi.

Kemikali ya kwanza kugunduliwa

Sasa tuingie ndani ya ngozi. Mnamo mwaka wa 1910, Henry Dale na Patrick Laidlaw wa Uingereza walieleza kazi za kemikali iitwayo histamini. Mnamo 1927, daktari Thomas Lewis, pia wa Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu mishipa midogo ya damu iliyo kwenye ngozi. Alieleza kwamba ngozi ikiumizwa huwa nyekundu na kuvimba, na kwamba mwili wenyewe hutoa kitu kinachofanana na histamini.

Leo tunajua kwamba baadhi ya seli za ngozi huibeba histamini kama mtu aliyebeba mfuko. Mbu akikuuma, au ukila kitu ambacho mwili wako haukipendi, seli hizo hupasua mfuko. Histamini humwagika na kuigusa neva iliyo karibu. Neva hupeleka habari hadi kwenye uti wa mgongo na kisha ubongoni, nawe unaanza kujikuna.

Daniel Bovet, aliyefanya kazi Paris, alitengeneza dawa ya kwanza ya kuzuia histamini mnamo 1937, na mwaka wa 1957 akapewa Tuzo ya Nobel. Kutokana na kazi kama hiyo tulipata vidonge tunavyovijua sana hapa Kenya, kama vile Piriton. Vidonge hivyo vimewasaidia watu wengi. Lakini vilileta wazo moja ambalo si sahihi, kwamba kila mwasho ni histamini na kila mwasho unatibiwa kwa kidonge hicho hicho.

Mmea uliowasumbua wataalamu

Aliyelivunja wazo hilo hakuwa mtu, bali ni mmea, na bila shaka unaujua. Ni upupu. Hata kama ulizaliwa Makadara na hujawahi kuuona ukitambaa shambani, umesikia visa vya shuleni vya upupu kupakwa kwenye dawati la mwalimu au kitandani mwa mwanafunzi mgeni. Maganda ya upupu yana vinywele vya rangi ya dhahabu, virefu kiasi cha milimita moja hadi tatu. Ukivigusa vinachoma ngozi kama sindano, na mwasho wake humfanya mtu mzima arukeruke.

Mnamo mwaka wa 1955, madaktari wawili wa Philadelphia nchini Marekani, Walter Shelley na Robert Arthur, waliuchukua upupu na kuuchunguza maabarani. Waligundua kwamba si ncha ya kinywele inayowasha. Ndani ya kinywele mna protini, na protini hiyo ni kimeng'enya. Kinywele kikitiwa joto kali, kimeng'enya huharibika na upupu hauwashi tena, ingawa ncha yake bado ni kali vilevile. Walikiita kimeng'enya hicho mukuneini, kutokana na jina la kisayansi la mmea huo.

Kimeng'enya ni nini? Fikiria nyama ngumu. Mpishi hodari huipaka maji ya papai bichi au huifunga kwa majani ya mpapai kabla ya kuipika, nayo hulainika. Katika papai mna kimeng'enya kinachokatakata protini za nyama. Vimeng'enya ni kama makasi madogo. Vipo tumboni ambapo husaga chakula, vipo katika damu, na vipo katika ngozi yako hata sasa unaposoma. Mukuneini ya upupu ni ya ukoo mmoja na kimeng'enya cha papai.

Jambo la kushangaza ni hili. Upupu uliwasha vibaya, lakini ngozi haikuvimba kama inavyovimba kwa histamini. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2007, watafiti wa Baltimore waliwapaka watu waliojitolea dawa ya kuzuia histamini. Mwasho wa histamini ulipungua. Mwasho wa upupu haukupungua. Waliona pia kwamba upupu na histamini huamsha neva tofauti. Kwa hivyo barabara za mwasho ni zaidi ya moja, na kidonge kinachofunga barabara moja hakiwezi kuzuia gari linalopita kwenye barabara nyingine.

Mlango wenye ufunguo wake

Sasa utauliza: makasi ya kimeng'enya yanawezaje kuiambia neva iwashe?

Juu ya neva kuna protini ziitwazo vipokezi. Kipokezi ni kama mlango wenye kufuli. Kwa kawaida ufunguo hutoka nje. Histamini ni ufunguo mmoja, nayo ina kufuli yake. Lakini mnamo 1991, Shaun Coughlin na wenzake wa San Francisco, walipokuwa wakichunguza jinsi damu inavyoganda, walikuta mlango wa aina nyingine kabisa. Mlango huo una ufunguo wake mwenyewe, umefungwa kwa kamba na kufichwa palepale mlangoni. Kimeng'enya kinakuja na kuikata kamba. Ufunguo unafunuliwa, unaingia kufulini wenyewe, na mlango unafunguka. Ukishafunguka hivyo haufungiki tena; seli hulazimika kuuondoa na kuweka mwingine mpya.

Milango ya aina hii iko minne, na imepewa namba kuanzia PAR1 hadi PAR4. Mnamo 2003, Martin Steinhoff na wenzake walionyesha kwamba mlango wa PAR2 uko kwa wingi zaidi kwenye neva za ngozi ya watu wenye ukurutu, na kwamba ukifunguliwa huleta mwasho. Kisha mwaka wa 2008, Vemuri Reddy na Ethan Lerner wa Boston pamoja na wenzao walimaliza kitendawili cha upupu. Mukuneini hukata kamba za PAR2 na PAR4. Tangu Shelley na Arthur walipotoa jina la mukuneini ilikuwa imepita miaka 53.

Wazazi wetu na klorokwini

Ikiwa una umri wa miaka 40 au zaidi, kuna barabara nyingine ya mwasho ambayo huenda uliijua kwa ngozi yako mwenyewe. Kabla ya mwaka wa 1998, dawa ya kwanza ya malaria nchini Kenya ilikuwa klorokwini. Ilikuwa chungu sana mdomoni, lakini kwa watu wengi uchungu haukuwa shida kubwa. Shida ilikuja saa kadhaa baadaye, pale viganja, nyayo na kichwa vilipoanza kuwasha hata mtu asiweze kulala. Hali hiyo iliripotiwa hasa kwa Waafrika.

Wengi walitupa vidonge vilivyobaki. Jambo hilo lilikuwa zito, maana malaria isiyomalizwa kwa dawa hurudi na inaweza kuua. Mwaka wa 1991, watafiti K. S. Mnyika na C. M. Kihamia walichapisha uchunguzi wao kutoka Dar es Salaam kuhusu jinsi mwasho huo ulivyoathiri matumizi ya klorokwini. Wagonjwa walipopewa vidonge vya kuzuia histamini, mara nyingi havikuwatosha. Baadhi yao walidhaniwa kuwa wanalalamika bure.

Hawakuwa wakilalamika bure. Mnamo 2009, Xinzhong Dong wa Baltimore na wenzake walionyesha kwamba klorokwini hufungua kipokezi kingine kilicho kwenye neva za mwasho, kiitwacho MRGPRX1 kwa binadamu. Histamini haihitajiki. Kufikia wakati huo Kenya ilikuwa imekwisha kuiacha klorokwini kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Lakini ilikuwa vyema kujua, hata kama ni kwa kuchelewa, kwamba waliowashwa walikuwa wakisema kweli.

Kidonda na bakteria wake

Tumalizie historia yetu kwa jambo la karibuni. Mtoto akijikuna sana ngozi hupasuka, na bakteria huingia. Mmoja anayejulikana sana ni stafilokokasi, aliye kwenye ngozi na puani mwa watu wengi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba bakteria huyo anafuata tu pale ambapo mtu amekwisha kujikuna. Mnamo 2023, Liwen Deng, Isaac Chiu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba bakteria huyo mwenyewe hutoa kimeng'enya kinachokata kamba ya mlango wa PAR1 ulio kwenye neva. Yaani bakteria anawasha yeye mwenyewe, bila kungoja histamini. Panya walipopewa dawa ya kuuzuia mlango huo, walijikuna kidogo zaidi.

Sasa unaona mzunguko ulivyo. Ngozi inawasha, mtoto anajikuna, ngozi inapasuka, bakteria wanaingia na vimeng'enya vyao, mwasho unazidi, naye anajikuna zaidi. Kumwambia mtoto aache kujikuna, au kumchapa, hakuwezi kuukata mzunguko huo.

Ufanye nini nyumbani kwako?

Mpenzi msomaji, historia hii ina mafunzo kadhaa ya kutumia hapa mtaani.

Kwanza, tafuta chanzo kabla ya kununua dawa. Ukiumwa na mbu au ukiwa na mzio wenye mabaka yanayovimba, kidonge cha kuzuia histamini huweza kusaidia. Lakini ukiwa na ukurutu au upele, kidonge hicho peke yake hakitoshi. Hakiui mdudu wala hakirekebishi ngozi.

Pili, shuku upele ikiwa mwasho unazidi usiku, ikiwa uko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni au sehemu za siri, na ikiwa zaidi ya mtu mmoja nyumbani anajikuna. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, mwasho huweza kuchelewa hadi wiki nne au sita, kwa hivyo asiyewashwa anaweza kuwa tayari anao. Nenda kituo cha afya. Kuna dawa za kupaka, kama benzili benzoeti na permethrini, na kuna vidonge vya ivermektini, ambavyo havipewi mjamzito wala mtoto mwenye uzito wa chini ya kilo 15. Watu wote wa nyumba watibiwe siku moja. Akitibiwa mmoja tu, wengine watamrudishia.

Tatu, usikate tamaa. Baada ya wadudu kufa, mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne, kwa sababu mabaki yao bado yako ndani ya ngozi. Wengi hufikia hapo wakasema dawa imeshindwa, au kwamba wamerogwa. Lakini vikionekana vipele vipya baada ya wiki nne, rudi ukapimwe.

Nne, jihadhari na krimu kali zinazouzwa sokoni bila maelezo. Nyingine zina dawa za steroidi. Hutuliza mwasho kwa siku chache, lakini mdudu wa upele huendelea kuzaana chini kwa chini, na ngozi huwa nyembamba. Usipake mafuta taa wala dawa ya kuua wadudu wa shambani.

Tano, usiilaumu mitumba ya Gikomba kwa kila kitu. Mdudu wa upele huishi siku mbili au tatu tu akiwa mbali na mwili wa mtu, kwa hivyo hawezi kusafiri kwa meli katika marobota. Fua nguo yoyote kabla ya kuivaa, na zile za mgonjwa wa upele uzifue kwa maji moto na kuzianika juani. Kisichofulika kifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku tatu au zaidi. Kunguni ni jambo lingine. Yeye hukaa miezi bila chakula na huhama ndani ya vitanda na viti.

Sita, mwenye ukurutu asioge kwa sabuni ya kufulia. Sabuni hiyo huipa ngozi hali inayovipa nguvu zaidi vimeng'enya vyake vyenyewe vya kukata. Aoge kwa sabuni isiyo kali, kisha apake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu.

Na ukishikwa na upupu huko mashambani, usisugue, kwa maana unazidi kuvunjia vinywele ndani. Vibandue kwa selotepu, kisha uoshe kwa maji mengi.

Mwisho, usipuuze vidonda vya kujikuna. Vikitoa usaha, mpeleke mtoto hospitalini. Bakteria wanaoingia hapo huweza kudhuru figo, na huenda wakadhuru hata moyo. Na mtu mzima anayewashwa mwili mzima kwa wiki kadhaa bila upele wowote anahitaji kupimwa damu, kwa sababu wakati mwingine ini au figo ndizo zinazolalamika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote zaidi ya watu milioni 200 duniani wana upele wa kuambukiza, na mnamo 2017 liliuingiza ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Kwa hivyo hauko peke yako, na hakuna sababu ya kuona haya. Ukimwona jirani akijikuna, usimcheke wala usimkimbie. Mwambie kwamba mwasho una barabara nyingi, na kwamba kila barabara ina dawa yake.